Barua kwa binti yangu: hiyo bustani nani anaimwagilia?

Tabora, Novemba

Binti yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Presha ya mama yako inapanda na kushuka kama ulivyoiacha, mvua zimeanza kwa kusuasua, na embe za mwanzo zimeshaanza kuuzwa pale stendi, zile ndogo za kuvundikwa, hazina ladha. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nikianza tu kukohoa kabla ya kusema jambo, wewe unasema "baba, mtandao unasumbua," unakata. Mjomba wako anaondoka kesho, basi mpaka Dodoma, kisha treni ya umeme mpaka Dar. Barua hii atakukabidhi mkononi. Uimalize yote kabla hujarudi kwa huyo wakala anayetaka kukupeleka Muscat kufanya kazi za ndani.

Kwanza nijibu hili: pasi yako ya kusafiria iko wapi sasa hivi, wakati unasoma? Usiniambie iko kwa mtu wa kuaminika. Nauliza iko wapi. Kama haimo kwenye mkoba wako, weka barua chini, kaichukue, ndipo urudi uendelee.

Mama yako kanionyesha ile picha uliyomtumia, ya nyumba unakokwenda kufanya kazi. Nyumba nyeupe, ukuta mrefu, ndani nyasi zimekatwa sawasawa, mitende imesimama mstari mmoja, maji yanaruka juu katikati ya birika la mawe. Na chini umeandika, "Mwonyeshe baba, kama kwa babu!" Mama yako alicheka mpaka akajifuta machozi na kanga. Mimi nilimrudishia simu yake nikaenda kukaa nje. Sikuwa nimekasirika, usije ukaambiwa hivyo. Nilikuwa nimetafuta kwenye picha mtu mwenye ndoo, nikamkosa.

Mambo ya bustani ya ikulu ya Mtemi, chifu wetu, ambako babu yako alikuwa mtunza bustani, sina haja ya kukusimulia. Unayajua kuliko mimi, maana wa kukaa mapajani pale chini ya mwembe ulikuwa wewe. Nitakuambia ya kabla yako, ambayo nyinyi wajukuu hamkuambiwa. Babu yako alipenda mkae kivulini, basi.

Unajua kwamba babu aliwahi kuwa manamba, kibarua wa mkataba? Hujui. Hata kaka zako hawajui. Alikwenda kijana, ndevu hazijaota, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kilosa, enzi za Waingereza. Walipakiwa treni hapahapa stesheni ya Tabora. Kule mfanyakazi alikuwa anapewa kipande, kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi ya siku yako, inatiwa alama. Hujaimaliza, hakuna alama na siku imekwenda bure. Ukijaza alama 30 ndipo unalipwa. Sasa palikuwa na nyapara mmoja ambaye alikuwa anawaambia vijana wageni, "Nipe kipande chako nikutunzie, huku kuna wezi, na mvua italowesha." Alikuwa mtu mpole, anaongea nao vizuri, anawapa na tumbaku ya kuvuta. Babu yako akampa. Kilichofuata unaweza kukihesabu mwenyewe. Alikata mkonge mwezi ukaisha, akaenda kuuliza, akaambiwa kipande chake kina alama chache. Akaulizwa, "Una ushahidi gani?" Ushahidi ulikuwa ndicho hicho kipande.

Aliniambia habari hii mara moja tu, mimi nikiwa nimeshaajiriwa reli, na aliniambia akiwa anaangalia pembeni. Hakuwahi kuirudia. Ndiyo maana ninapokuuliza pasi iko wapi usidhani ni uzee.

Wala sikukatazi kusafiri. Ningeanzia wapi? Sisi ni watu wa safari. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa miguu, miezi mizima njiani, na kijana ambaye hajaiona bahari alihesabika bado mtoto. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi hakuinua mzigo kabla ya kupatana. Ujira unajulikana, posho ya njiani inajulikana, na posho ikipunjwa mizigo inawekwa chini, msafara unasimama porini. Wazungu waliopita hapa wamelalamika sana kwenye vitabu vyao kuhusu ubishi wa wapagazi. Mimi nikisoma malalamiko yale nafurahi. Wewe umetoka kwa wabishi. Basi bisha. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani? Umesoma mwenyewe au umesomewa? Saa za kazi zimeandikwa? Siku ya mapumziko je? Na nakala yako iko wapi? Ulimwambia mama yako "wakala ameutunza pamoja na pasi." Hilo neno "ametunza" ndilo lililoninyima usingizi.

Babu aliporudi kutoka Kilosa hakuwa na kitu. Mjomba wake, aliyekuwa mmoja wa wanyampara, wale wazee wa Mtemi, ndiye aliyempeleka kwa Mtemi akapewa kazi ya bustani. Ile bustani unayoikumbuka wewe ni ya uzee wake na uzee wa miti. Wakati huo ilikuwa kazi. Kisima kilikuwa bondeni, mbali kweli, na maji yalipandishwa kwa mzegazega, debe mbele, debe nyuma, kabla ya jua kuchomoza na tena baada ya alasiri. Kiangazi cha hapa unakijua. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hakuna tone. Mwembe mkubwa unajitegemea, mizizi yake iko chini. Lakini komamanga, ndimu, mistafeli, yale maua ya akina mama wa ikulu, vyote vilikunywa kutoka mabegani kwa babu yako. Unakumbuka lile bega lake la kulia lililoshuka? Ulikuwa unalitumia kama ngazi. Lilishushwa na mzegazega.

Na ule ua wa minyaa kuzunguka pale, ambao wewe na watoto wa shangazi yako mlikuwa mnapenya chini yake, aliupanda yeye. Aliupanda kuzuia watoto. Watoto wenyewe tulikuwa sisi.

Hapa nikuambie kitu ambacho naona aibu kukiandika kwa umri wangu, lakini nimeshaanza. Mimi nikiwa mdogo sikuwahi kupewa embe la bustani ile. Hata moja. Yaliyoanguka yakapasuka tuliruhusiwa kuwapelekea mbuzi, na njiani tulikuwa tunashindana na mbuzi. Siku alinikuta nimepanda mwembe ule wa dodo, ule ule uliokuwa unauita "wangu", alinishusha kwa fimbo, na kila fimbo anasema, "Haya ni ya ikulu. Haya ni ya ikulu." Hakupandisha sauti. Tulikula mapera ya porini na ntalali kama watoto wengine, na tuliona embe za babu yenu zikibebwa kwa vikapu kupelekwa ndani, kwa wageni.

Wala usinielewe vibaya, Mtemi hakuwa na ubaya kwetu. Siku za sikukuu nyama ililetwa nyumbani. Mama yangu alipougua, maziwa yalitoka ikulu kila asubuhi. Ulikuwa ndio utaratibu wa watu wa zama zile, na babu yako aliuheshimu mpaka mwisho. Ila bustani ilikuwa ya mwenyewe.

Mwaka 1963 serikali ikafuta utemi nchi nzima. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu wazee wamekaa kimya barazani na chai inapoa. Wa kwetu huku Unyanyembe, Chifu Abdallah Fundikira, alikuwa amekaa serikalini, waziri wa sheria katika baraza la kwanza la Mwalimu Nyerere, na mwaka huohuo akajiuzulu uwaziri. Mambo ya wakubwa. Huku chini mabadiliko yalikuwa haya: asubuhi yake babu yako aliamka kabla ya jua, akachukua mzegazega, akashuka bondeni. Bibi yako akamwuliza, "Unammwagilia nani sasa?" Akasema miti haijasikia tangazo.

Ilimchukua miaka mingi kukubali kwamba hakuna atakayekuja kumwuliza habari ya embe. Miaka kumi baadaye, mimi niko sekondari, bado alikuwa anasema ni ya ikulu. Ikulu yenyewe paa linavuja, waliobaki wamehamia mjini, na wenyewe walishamwambia, "Mzee, kula, uza, gawa." Hakugawa. Aliamka akaiamkia miembe, "Mwangaluka," kama watu, akamwagilia, akafagia majani.

Halafu ukaja wewe, kitinda mimba wangu, 1999.

Kilichomtokea yule mzee sijui nikiiteje. Mtu aliyenichapa kwa embe moja alikuwa anakuangulia makomamanga machanga kwa sababu umelia unataka "mpira mwekundu". Aliyekuwa anafunga mlango wa ua kwa mnyororo aliukata ua wenyewe kwa panga, akakutengenezea kijimlango cha kimo chako. Alikuita mke wangu, bibi yako akawa analalamika kila jioni kwamba mke mwenzie hapiki wala hafui ila anapewa embe la kwanza. Na lile kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari uwe unamwagilia nalo! Ulikuwa unajimwagilia miguu. Yeye anapita nyuma yako na debe, anamwaga maji yanayotakiwa, halafu anawaita watu waje waone jinsi mke wake alivyoinywesha bustani. Na wewe uliamini. Naona bado unaamini.

Nilimwuliza siku moja, katika ule mwaka wa mwisho, mwaka ambao Chifu Fundikira naye alifariki, 2007. Nilimwuliza kwa utani lakini haukuwa utani. Nikasema, "Mzee, mimi embe zako sikuzila, huyu anakula mpaka anatapika." Alinyamaza nikadhani hajasikia. Kisha akasema, "Wakati wako hazikuwa zangu."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Nilikuwa nikidhani hakunipenda, ndio ukweli, na mtu akidhani hivyo analea wanawe kwa namna fulani, lakini hilo tuliache. Sasa naelewa kwamba mtu anayefanya kazi kwenye bustani ya mwenzie hulazimika kuwa mkali kwa mwanawe. Yule mkali na yule mpole walikuwa mzee mmoja. Kilichobadilika ni mwenye bustani.

Sasa rudi kwenye picha yako. Unasema kama kwa babu. Wewe kwa babu uliingia kwa kijimlango cha kimo chako. Huku unakokwenda unaingia na debe. Utakuwa upande wa babu, mama, upande wa yule mzee wa kabla yako ambaye hukumjua. Watoto wa nyumba ile watataka kushika hiki na kile na wewe ndiye utakayeambiwa uwazuie. Kazi si aibu. Babu yako aliifanya na watu walimvulia kofia. Ninachotaka ni uende ukijua. Mtu aliyedekezwa na mzee kama yule akipewa embe na mtu asiyemjua anafikiri anapendwa. Yule nyapara wa Kilosa naye alikuwa anagawa tumbaku.

Pasi, binti yangu.

Umesema mama wa nyumba anajua Kiswahili, tena cha kwetu, kwamba bibi yake alizaliwa Tabora, na kwamba alikuuliza kwenye simu kama miembe ya Tabora ingali ipo. Nafurahi. Huenda ni mtu mwema kabisa na Mungu akinipa uhai nitamwombea dua. Wala kujuana kwetu na watu wa Muscat hakukuanza na WhatsApp. Miembe yenyewe hii ilikuja na misafara yao. Mtemi Fundikira wa kwanza alimwoza binti yake Karunde kwa Muhammad bin Juma, mfanyabiashara, ndiye baba yake Tippu Tip. Kwa hiyo tumekuwa wakwe, tumekuwa wateja, na mambo mengine tumekuwa ambayo hapa si pahala pake. Ila binti wa mtemi akiolewa na mgeni alikuwa na baba yake na majeshi ya baba yake hatua chache kutoka mlangoni. Wewe utakuwa na nani hatua chache kutoka mlangoni? Utakuwa na hiyo pasi na simu. Kwa utaratibu wao wa kafala, kibali chako cha kuwa nchini kinafungwa kwa kafili wako, yule aliyekuleta. Ukimkimbia, wewe ndiye unayeonekana mkosaji. Sasa kibali kiko kwake na pasi iko kwake, wewe una nini?

Mwalimu mstaafu jirani yetu amenitafutia kwenye kompyuta ya mwanawe. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Emirati. Waliwahoji wanawake 50. Karibu wote walisema pasi zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Kwamba wengine waliishi vizuri na wakajenga, naamini. Tunawafahamu hata hapa mtaani. Lakini hesabu ile ya pasi ndiyo niliyoiangalia. Mwalimu anasema hata kwa kanuni za huko Oman mwajiri haruhusiwi kushikilia pasi ya mtu. Basi ujue hilo, ulitamke kwa adabu, mapema, siku ya kwanza, kabla hamjazoeana. Ukishazoeana na mtu unaona haya kumwambia.

Na nimeona kwa macho yangu. Miaka yangu yote pale stesheni nilikuwa naona mabinti wadogo kutoka vijijini, Sikonge huko, Urambo, wanapandishwa treni ya Dar na mtu mmoja ambaye wote wanamwita mjomba. Tiketi zote anazo yeye. Nilikuwa nakagua, naweka tundu, naendelea na behewa la pili. Kazi yangu ilikuwa tiketi.

Najua utasema, "Baba, mbona ulipaswa kusema haya kabla sijaondoka." Ulipoondoka ulituambia unakwenda kwa shangazi yako Dar kutafuta kazi ya dukani. Neno Muscat tumelisikia wiki ya tatu, tena kwa mama yako, tena usiku. Siku ile tulipokwenda pamoja Uhamiaji kuomba pasi nilikuuliza ya nini, ukasema "ya kuwa nayo tu, baba, siku hizi kila mtu anayo." Nikalipa 150,000, kamkopo kangu ka mbuzi. Sikulalamika wakati ule na sasa silalamiki. Ninachosema ni kwamba pasi ile nimeilipia mimi, kwa sheria ni mali ya Serikali, na katika hao wawili huyo wakala hayumo.

Mambo ya chuo tusiyafukue. Ulifaulu, barua ya kujiunga ilifika, kila mtu mtaani aliiona kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyezunguka nayo. Mwaka ule fedha za tumbaku zilichelewa, tukaambiwa kesho, kesho kutwa, na zilipokuja muhula ulikuwa umekwenda. Baadaye zilipokuja za mwaka uliofuata nikaezeka bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Lilikuwa linahitaji kuezekwa. Wewe hukusema kitu, ulianza tu kukaa sana na simu. Mama yako ana maneno yake juu ya hilo bani, utayasikia kwake.

Lakini nataka ujue pia kwamba najivunia. Kwa nauli yako mwenyewe, kwa kusuka watu nywele, umefika Dar, umetafuta, umeuliza, umepata. Kaka zako wawili wako hapa wananisubiri nife wagawane baiskeli. Wewe una moyo wa mbele. Hata ulipokuwa na miaka sita, babu yako akiwasimulia habari za Mtemi Isike, ile Januari 1893, Wajerumani wa Tom von Prince wamevunja boma, yeye akaingia kwenye ghala la baruti akajilipua kuliko kushikwa. Wenzako wote walitaka kujua mlipuko ulikuwa mkubwa kiasi gani. Wewe ukauliza, "Sasa bustani yake nani alibaki anaimwagilia?" Babu alicheka wiki nzima, akawa anawaambia watu msikitini. Una miaka 26 sasa, umetumiwa picha ya bustani nzuri, na swali hilo hukuuliza.

(Na usije ukachukua la Isike ukajilipua na wewe. Nakujua hasira zako. Nimesema ubishe, sikusema upigane. Kukiwa na tatizo kubwa, Tanzania ina ubalozi wake hapohapo Muscat. Namba iandike kwenye karatasi, iwe pia kichwani, kwa sababu simu nayo huchukuliwa. Mkataba upitie ubalozini kabla hujapanda ndege. Wakala akisema hiyo ni kupoteza muda, huyo ameshakujibu swali langu.)

Huku mambo ni yaleyale. Bomba la maji ya Ziwa Victoria linatoa siku hii na kukauka siku ile, lakini afadhali kuliko zamani, Alhamdulillahi. Mama yako bado anachota kisimani ya kunywa, anasema ya ziwa yana harufu ya mbali. Kuku mweusi ameangua tisa, mwewe amechukua wawili. Chumba chako kinavuja pale juu ya kabati; nguo zako tumezihamishia kwetu, na ile sanduku ya chuma sijaifungua, usiwe na wasiwasi. Shangazi yako anakuja Ijumaa kwa ajili ya posa ya binti yake. Mchumba ni dereva wa malori ya Kigoma, familia nzuri ila wana kelele.

Mwembe wa dodo, wako, wanasema utakatwa. Kiwanja kile kimepimwa, wamepewa watu, na aliyepata upande ule anataka kujenga fremu za maduka. Nimekwenda kuongea naye. Ni kijana mstaarabu, amenikaribisha soda. Anasema mizizi itapasua msingi, na kwa ufundi yuko sahihi. Amekubali tuchume ya mwaka huu kwanza. Mama yako anataka kukausha mbegu apande nyuma ya choo. Nimemwambia dodo la mbegu huwezi kujua litatoka nini, bora tutafute wa kubebesha, hajanisikiliza. Kwa vyovyote usianze kulia huko. Uliula vya kutosha.

Mjomba analeta kiroba cha viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe na matobolwa kidogo, yale ya bibi wa Uyui unayoyapenda, na nsansa, zile mboga za majani alizokausha mama yako mwenyewe. Asali iko kwenye ndoo nyeupe, ni ya miombo, ya msimu huu, haijachanganywa na kitu. Nusu ya asali mpe shangazi yako, amekuhifadhi bila kudai, na ukae naye uelewane naye, usijifungie chumbani. Kama ukiamua kwenda, michembe beba, uwapikie na karanga, hao watu wa Muscat wenye bibi wa Tabora wataikumbuka. Kama ukiamua kutokwenda, nauli ya kurudi mjomba anayo, nimempa kwenye bahasha tofauti na hajui ni ya nini. Hakuna mtu atakayekuuliza swali hapa. Mama yako amenihakikishia hatauliza, ingawa namjua.

Nimemwagiza mjomba wako jambo moja, na amekubali mbele ya mama yako. Asiondoke Dar mpaka umempa mkononi ile pasi aiangalie, ukurasa wa picha na ukurasa wa viza, apige picha kurasa zote, anitumie, kisha akurudishie wewe, akuone ukiiweka kwenye ule mfuko wa ndani ambao mama yako ameshona kwenye gauni la bluu. Ukimwambia iko kwa wakala, muende wote wawili mkaichukue. Mjomba wako ni mkubwa wa mwili na hana haraka, ataweza kukaa ofisini kwao hata kutwa.

Na ile ndoo ya asali mjomba arudi nayo. Ni ya jirani, ameshaiulizia.

Wako baba.